Nywele Saba za Dada Yangu

Nilimwibia dada yangu nywele saba. Nilizing'oa moja moja, mchana, mlango wa saluni yake ukiwa wazi kuelekea soko la Homa Bay, yeye mwenyewe akiwa ameniinamishia kichwa huku akicheka. Kwa miezi minane niliamini kwamba hakuna aliyeumia. Halafu ikaja siku ambayo mtoto wake aliondolewa mikononi mwangu kwa sababu ya nywele hizo.

Dada yangu amenitangulia kwa miaka miwili. Utotoni mama alitusuka kila Jumamosi. Kichwa cha dada kilichukua asubuhi nzima kwa sababu nywele zilikuwa nyingi na nzito. Changu kilimalizika kabla chai haijapoa. Majirani waliopita walisimama kwake. "Hii nywele inajaza mkono," walisema, na mama aliipokea sifa hiyo kana kwamba ndiye aliyeziotesha. Kwangu walisema nina akili. Mtoto wa miaka tisa anajua kabisa anapopewa kilichobaki.

Aliyenikera zaidi ni dani, nyanya yetu mzaa baba, aliyekuwa akiishi kisiwani Mfangano. Tukienda kwake likizo, dada ndiye aliyelaza kichwa mapajani mwake. Dani alikuwa akipitisha vidole kwenye nywele hizo na kusimulia habari za ujana wake, na mimi nilikaa kando na kitabu, nikisikiliza kwa sikio moja kila neno. Niliwahi kumuuliza kwa nini hanichani mimi. Akasema, bila ubaya wowote, "Wewe ukichanwa unauliza maswali."

Nilipofika chuo kikuu, nikiwa huru na kanuni za shule za kukata nywele, niliamua kushindana. Nywele chache zikivutwa sana zinaonekana nadhifu, na matuta yanakaa kama yamechorwa kwa rula. Dada alikuwa ameshaanza kazi ya ususi. Nilimwambia avute zaidi. Alivuta kidogo, akasimama, akaniambia paji langu linalia na yeye hawezi kuendelea. Nilidhani ananinyima. Nikatafuta wasusi wengine, wale wasioogopa, nikawa narudi chumbani na vipele vidogo kwenye paji na kumeza dawa ya maumivu. Kufikia mwaka wa tatu nilikuwa na vipara viwili pembeni mwa paji, juu ya masikio, laini kama ndani ya kibuyu.

Mwaka huohuo, kwenye maabara ya biolojia, niliwekewa chini ya darubini kipande cha ngozi ya kichwa kilichokatwa chembamba na kutiwa rangi. Ndipo nilipokiona kinyweleo kwa mara ya kwanza, yaani kile kishimo ambamo unywele unakaa. Nilitarajia kitundu tu. Nikakuta kiwanda.

Chini kabisa kinyweleo kimevimba kama kitunguu. Katikati ya kitunguu hicho kuna kifundo kidogo chenye mishipa ya damu, kimejipenyeza kutoka chini kama kidole gumba kinavyosukuma soksi kwa ndani. Kifundo hicho ndicho kinachotoa amri. Seli zinazokizunguka zinagawanyika bila kuchoka, na kila kizazi kipya kinasukuma kilichotangulia kwenda juu. Zile za katikati zinarefuka, zinajaa protini ngumu, zinapoteza viini vyake na kufa, na maiti zake zikishikana ndizo tunaziita unywele. Zile za pembeni zinageuka ala inayoushika unywele usiyumbe. Katikati yao zimo seli za rangi zinazogawa weusi kwa jirani zao. Nilichora vyote hivyo nikapata alama nzuri, huku nimejifunga kitambaa mpaka kwenye nyusi. Kitu kimoja kilinikaa akilini. Kila tunachokisifu kwenye kichwa cha mtu kimeshakufa. Kilicho hai hakionekani.

Sikuacha kumwonea wivu dada kwa kujua hilo. Nilianza tu kuonea wivu sehemu ya ndani zaidi.

Dani alifariki mwezi wa Januari. Nilikuwa tayari mwalimu wa mkataba katika shule moja ya wasichana kaunti ya Migori, nikifundisha biolojia. Tulimzika Mfangano, na baada ya siku tatu ikafika liedo, yaani kunyolewa kwa wafiwa. Watu wengi wa kanisani kwa mama wameiacha desturi hiyo, au wanakata kishungi kimoja tu ili wazee wanyamaze. Mimi niliuliza mbele ya wote inamsaidia nini marehemu. Baba mdogo akajibu kwamba marehemu hajalalamika, anayelalamika ni mimi. Watu walikuwa bado wanacheka wakati dada alipovua kitambaa chake, akaketi kwenye kigoda, akasema anyolewe zote.

Yeye ni msusi. Kichwa chake ndicho tangazo la kazi yake. Alizitoa nywele hizo kwa ajili ya dani bila kuulizwa na bila kuuliza. Nilisikia wivu mkali kuliko siku zote, nikaketi kwenye kigoda cha pili.

Shangazi alitunyoa, kila mmoja kwa wembe wake mpya. Alisema zitarudi nzito kuliko mwanzo. Nikamweleza kwamba wembe unakata sehemu iliyokufa tu na kinyweleo hakina habari kwamba kuna msiba. Shangazi akaniambia ninyamaze asije akanikata sikio. Lakini ukweli ni kwamba chini ya wembe huo nilikuwa naomba awe sahihi yeye, niwe nimekosea mimi.

Vichwa viwili vya mama mmoja, vimenyolewa asubuhi moja na mkono mmoja. Chuo hakikuwahi kunipa jaribio safi namna hiyo. Kila Jumapili, Migori, nilisimama mbele ya kioo na rula ya wanafunzi. Nyuma na juu zilikuwa zinaota vizuri. Pale mbele, kwenye vile vipara viwili, palikuwa kimya.

Likizo ya Aprili nikaenda Homa Bay. Dada alikuwa anamsuka mama mmoja muuza nguo, na kichwa chake mwenyewe kilikuwa kimefunikwa na nywele fupi zilizoshikana kama zulia, mstari wa mbele umekaa kama umechorwa kwa kalamu. Wateja walimuuliza anapaka nini. Alikuwa akijibu kwa mzaha kwamba ni mafuta ya dani, na wawili kati yao niliwasikia wakiuliza chupa ni bei gani.

Nilikuwa na swali moja tu. Je, vinyweleo vya paji langu vimekufa, au vimelala? Na kama vimekufa, vyake vina nini ambacho vyangu havina? Nilikuwa nimekwisha kukusanya nywele kwenye kitana chake, lakini hizo hazikunifaa, kwa kuwa zinazobaki kwenye kitana ni zile zilizomaliza muda wake. Nilihitaji zilizo kazini, na hizo ni za kung'oa.

Mteja alipokwenda kukaa kwenye mashine ya kukaushia, nikasimama nyuma ya dada.

"Una mvi," nikamwambia.

"Mimi? Wapi?"

"Hapa mbele."

"Toa haraka, kabla watu hawajaona. Nani atasukwa na cucu mzee?"

Niling'oa ya kwanza. Ilikuwa nyeusi kama makaa. Nikasema iko nyingine, na nyingine. Kwenye ya tano akashika kichwa. "Nyamera," akasema, akiniita dada yake kama tunavyosema kwetu, "unatoa mvi ama unapalilia?" Mama wa nguo akacheka mpaka mashine ikatikisika. Dada alitaka kuziona hizo mvi, nikamwambia zimeanguka. Zilikuwa mkononi mwangu, zote saba, kwenye kikaratasi nilichokata nyuma ya mtihani wa Kidato cha Pili.

Jioni niliandika juu ya kikaratasi: Dada, paji, kushoto, Aprili. Zangu tano nilizong'oa ukingoni mwa kipara niliziweka kwenye kikaratasi cha pili.

Shule ina darubini moja tu isiyotikisika. Nilifunga mlango wa maabara saa ya chakula cha mchana, nikadondosha tone la maji kwenye kioo, nikalaza nywele za dada moja moja. Zote saba zilikuwa katika kipindi cha kukua. Mizizi yake ilikuwa laini, myeusi tele, imepinda kidogo kama shina la kitunguu lililong'olewa kwenye udongo wenye maji, na ala imeifunika kama soksi iliyolowa. Niliona hata mahali ambapo seli zilikuwa zinajazwa rangi wakati nilipozikatiza. Ziling'olewa kazini.

Zangu tatu kati ya tano zilikuwa zimestaafu. Unywele ukifika mwisho wa kukua, seli za chini zinaacha kugawanyika, kitunguu kinanywea na kupanda juu, na mzizi unabaki kirungu kidogo cheupe kinachosubiri kuanguka. Mbili zilizobaki zilikuwa nyembamba kama uzi wa buibui, hazina rangi. Na katikati ya kipara hakukuwa na cha kung'oa.

Nilikaa pale mpaka kengele ikalia. Hapo ndipo nilipokumbuka jambo ambalo mwanafunzi wangu yeyote angenikumbusha. Ukiung'oa unywele, kile kifundo kinachotoa amri hakiji nao. Kinabaki ndani ya ngozi. Nilikuwa nimeiba kitu ambacho hakiwezi kujibu swali nililokiibia.

Nilipaswa kuvitupa vile vikaratasi. Badala yake nilivifunga pamoja kwa mpira wa kufungia noti, nikavitia katikati ya kitabu kikubwa cha biolojia, na baadaye nikavitoa mara mbili tatu nikaangalia tena. Hakukuwa na sababu ya kisayansi. Kuna watu wanaorudi kubonyeza jipu.

Mwezi wa Juni tumbo la dada likawa halifichiki, ndipo akaniambia. Kwetu mimba haitangazwi mapema, kwa hiyo sikuweza hata kulalamika. Nilihesabu nyuma na kuona kwamba siku ile ya mvi alikuwa tayari na mimba ya miezi minne. Nikaelewa zile nywele saba. Mwanamke akiwa mjamzito, nywele nyingi ambazo zingepumzika zinaendelea kukua, ndiyo maana kichwa kinajaa. Nilifarijika vibaya sana. Kumbe uzuri ule haukuwa wake wote.

Na kwa kuwa nilijua hilo, nilijua pia kinachofuata. Mtoto akizaliwa, vinyweleo vilivyochelewa kupumzika vinapumzika kwa pamoja, na miezi mitatu au minne baadaye nywele zinapukutika kwa wingi unaotisha. Haina madhara. Zinarudi. Mtu akiambiwa mapema anangojea tu ipite. Mtoto alizaliwa Septemba, wa kiume, mzima. Oktoba nilizungumza na dada kwa simu karibu kila wiki. Novemba pia. Tuliongea kuhusu maziwa, kuhusu kliniki, kuhusu mume wake anayenunua samaki Mbita na kurudi akinuka. Sikumwambia kuhusu nywele. Nilikuwa nangojea.

Desemba mama alinipigia simu. Sauti yake ilikuwa chini. Alisema nywele za dada zinaanguka kwa mafungu, hapa mbele kabisa, anaziokota kwenye mto na kwenye nguo za mtoto. Nilisema pole. Nilipokata simu nilikwenda kwenye kioo nikaangalia vipara vyangu, na furaha ikanipanda kutoka tumboni, furaha halisi, kama ya mtu aliyepokewa mzigo. Naiandika hapa kwa sababu nikiiacha, yote yanayofuata yataonekana kama nilionewa.

Nilikwenda nyumbani kwa mama, nje kidogo ya mji wa Homa Bay, siku chache kabla ya Krismasi. Nilikuwa nimetanguliza katoni yangu ya vitabu na jirani mwenye pikapu. Dada alikuwa amehamia hapo kwa muda ili mama amsaidie. Nilimkuta amejifunga kitambaa mpaka kwenye nyusi, vilevile nilivyokuwa nikijifunga mimi. Nikanawa mikono, nikamchukua mtoto kutoka kwenye mkeka. Alikuwa mzito, anatazama kila kitu kwa mashaka, na nyuma ya kichwa chake nywele zilikuwa zimetoka, pamebaki mviringo mtupu.

Mama akatoka jikoni, akaniona. Akaninyang'anya mtoto taratibu, kama mtu anavyochukua kisu kutoka kwa mtoto, akampa dada. Kisha akaingia chumbani, akarudi na vikaratasi viwili vilivyofungwa kwa mpira. Aliviweka mezani, karibu na bakuli la dagaa wa omena.

"Hii ni nini?"

Alikuwa akipangusa vumbi kwenye vitabu vyangu. Mama anajua kusoma. Alisoma Dada, paji, kushoto, Aprili, akakuta nywele za binti yake mkubwa zimefungwa pamoja na nywele za mtu mwingine na kufichwa kitabuni, na kule chumba cha pili binti huyohuyo alikuwa anapoteza nywele palepale paji, na mjukuu naye ameanza. Kwetu nywele za mtu hazichezewi. Zikinyolewa zinazikwa au zinachomwa, asije mwenye nia mbaya akazipata na kumfanyia mwenyewe jambo. Mama ni Mkristo, anaimba kwaya, na anajua hayo yote.

Nilianza kueleza. Nilieleza darubini, kipindi cha kukua, kipindi cha kupumzika, nikaeleza kwamba mtoto naye amezaliwa na nywele zilizoanza pamoja na kwa hiyo zinaanguka pamoja, na pale nyuma zinang'oka kwanza. Nilieleza vizuri. Darasani wangeandika.

Mama akangoja nimalize. "Sikukuuliza inaanguka aje," akasema. "Nimekuuliza ulichukua ya nini."

Mimi hudai ushahidi kwa kila mtu. Nimewahi kumdai mchungaji, nimewahi kumdai daktari. Sasa ushahidi ulikuwa mezani na ulikuwa dhidi yangu: nywele zilichukuliwa kwa hila, zikafichwa, na mwenye nywele akapatwa na jambo pale hasa zilipotoka. Ningekuwa mimi mama, kwa ushahidi ule, ningefika palepale alipofika. Na alikuwa amekosea kuhusu njia tu. Kuhusu moyo hakukosea.

"Nilikuwa na wivu," nikasema.

Dada hakuniangalia. Alikuwa akimrekebisha mtoto kifuani. Akasema, kwa sauti ya kawaida kabisa, kwamba siku ile nilipomwambia ana mvi alirudi nyumbani akajitafuta nyingine kwenye kioo, na kwamba alimuuliza hata mumewe kama ameanza kuzeeka. Halafu akasema, "Si ungeniomba. Ningekupa kichwa yote."

Ningeweza kuishia hapo. Mama alikuwa ameanza kulegea. Lakini dada alifungua kitambaa, labda ili nione nilichofanya au nisichofanya, na pale mbele pake palikuwa pembamba, ngozi inang'aa. Mkono wake ulipopita, nywele tatu nne zilimfuata. Aliziangalia. Akaniuliza kama zitarudi, maana amesikia kwamba ikitoka na mzizi hairudi, na hizi zinatoka na mzizi, ona.

Nilichukua nywele zile, nikazilaza kwenye suruali yangu nyeusi. Kwenye ncha ya kila moja kulikuwa na kidoti cheupe. Nikamwonyesha. Nikamwambia hicho watu wanachokiita mzizi ni kirungu tu, ni kisigino cha unywele uliomaliza safari yake, na kwamba kilichouotesha kimebaki ndani, na chini yake mwingine umeshaanza. Nikamwambia kufikia Februari ataona vinywele vifupi vimesimama hapo mbele kama majani baada ya mvua. Nikamwambia hutokea kwa wanawake wengi baada ya kujifungua, mwezi wa tatu au wa nne.

Akainua uso. "Umejua hiyo tangu lini?"

"Tangu chuo."

"Mimi nikiwa na mimba, ulijua?"

"Nilijua."

"Na ukanyamaza."

Hakuuliza. Nilitikisa kichwa kukubali. Mama alikuwa ameshika kiti. Nadhani hilo ndilo lililomchoma dada kuliko vikaratasi. Nywele saba zilikuwa wizi wa dakika tano. Kunyamaza kwangu kulikuwa kwa miezi, kila wiki, kwenye simu, huku namuuliza mtoto analala vipi. Alisimama, akajifunga kitambaa, akaingia na mtoto chumbani. Mlango haukubamizwa. Ningependa ungebamizwa.

Mama alivichoma vile vikaratasi kwenye jiko. Harufu ya nywele zinazoungua inajaza nyumba, na hakuna aliyefungua dirisha. Krismasi ile nililala nyumbani siku nne na sikumshika mtoto. Hawakunikataza. Kila nilipomsogelea, alikuwa amelala, au ananyonya, au ndiyo kwanza amenyamaza.

Nilirudi Migori, shule zikafunguliwa. Nilitamani nywele za dada zirudi, na kwa mara ya kwanza sikujua kama natamani kwa ajili yake au ili niwe nimesema kweli. Bado sijui. Paji langu nililiangalia mara moja tu, kwa mwanga wa dirishani. Kinyweleo kikivutwa miaka mingi, mwisho kinachoka, na pale kilipokuwa kunabaki kovu dogo lisiloonekana kwa macho, halina kifundo cha kutoa amri. Kwenye kipara cha kulia kulikuwa na vinywele vichache vyembamba. Cha kushoto hakikuwa na kitu. Nilikata nywele zote fupi, sikujifunga kitambaa, nikaingia darasani. Msichana mmoja wa mbele alitazama, akaandika tarehe, basi.

Mwishoni mwa Februari simu ikaita. Dada. Hakunisalimia kwa jina lolote. Alisema, "Zimesimama kama majani," kisha akaongeza: "Mama anataka kumnyoa mtoto Jumamosi. Njoo."

Nywele za kwanza za mtoto nyumbani kwetu hazinyolewi na mtu yeyote tu. Wala hazitupwi ovyo. Mama ndiye aliyenyoa, chini ya mwanga wa mlangoni, mtoto akiwa mapajani mwa dada, akipiga kelele kana kwamba tunamtoa ngozi. Mimi nilishika bakuli la maji. Kichwa cha dada kilikuwa wazi. Pale mbele, vinywele vifupi vilikuwa vimesimama kila upande, vikaidi, vyeusi kabisa, vikikataa kulala na zile ndefu. Ulikuwa mstari mzuri. Nilihisi ule uchungu wangu wa zamani ukiinuka na kuketi mahali pake, kama mpangaji anayejua chumba chake. Sikushangaa. Nilibadilisha maji.

Mama alipomaliza, dada alikunja leso iliyokuwa na nywele za mtoto. Niliziona, laini mno, nyepesi kama mvuke. Nilijua kwamba nywele za mtoto mchanga mara nyingi hazina ule utepe wa kati tunaouona kwenye nywele nene za watu wazima, na sijawahi kuliona hilo kwa macho yangu.

"Naomba moja," nikamwambia dada. "Ya kuangalia kwa darubini."

Mama aliacha kumfuta mtoto.

"Hapana," dada akasema. Halafu akacheka, kidogo, puani. "Hiyo hapana." Na akaninyooshea leso yote. "Enda uzike nyuma ya migomba. Shimo lichimbe vizuri, mwalimu."

Nilitoka na jembe. Udongo pale ni mweusi na umelowa kwa sababu maji ya bafu yanaishia hapo. Nilichimba mpaka urefu wa mkono, nikafungua leso, nikazikung'uta. Zilikuwa nyepesi, hazikutaka kuanguka, ikabidi nizisukume kwa vidole. Niliporudisha udongo, nikaona unywele mmoja umenata kwenye kiganja changu kilicholowa. Nyumba ilikuwa nyuma yangu, na migomba ilinificha kabisa.

Niliuinua juani. Ulikuwa mwembamba kiasi kwamba mwanga uliupita. Nilisimama nao hivyo, muda ambao mtoto alichukua kunyamaza kule ndani. Kisha nilichimba tena kwa kidole pembeni ya shimo, nikauweka, nikafukia.